Baba Mkwe Kwenye Pantoni

Chimala, Jumatano, Machi 1956

Tangu alfajiri ni manyunyu tu, na mimi leo sina uso wa kumtazama mtu.

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea. Kila asubuhi navuka mto kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba, nakwenda zahanati ya misheni ninakofunga vidonda. Ikishavuka asubuhi, pantoni haichukui watu tena mpaka mchana. Wiki iliyopita nilichelewa mara mbili, na sista mkuu akaniambia nikichelewa tena nitabaki nyumbani na jembe langu.

Leo nilishapanda, sare nyeupe imenyooka kwa pasi, nilipomwona baba mkwe akiteremka ukingoni na blanketi lake, anakohoa. Kikohozi hicho anacho tangu Krismasi. Mimi ndiye niliyemsumbua mume wangu amsihi baba aje zahanati, na leo hatimaye alikuwa amekubali.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, sembuse kusimama naye kwenye ubao mmoja. Wakikutana, mwanamke ndiye anayejificha. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Nilipaswa kushuka.

Sikushuka.

Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

"Mzee, unapanda ama hupandi?" mvuta pantoni aliita. Nikasikia kikohozi, halafu hatua zikirudi juu kwenye matope. Tukavuka. Wanawake wawili wa kwetu walinipa mgongo njia nzima, na nilielewa vizuri kwa nini.

Siku nzima kila mlango ulipofunguliwa niliomba awe yeye, nikajifiche nyuma ya pazia, wenzangu wamhudumie. Hakuja.

Jioni nilimngoja mume wangu anigombeze. Majibu nilikuwa nayo tayari: kazi, sista, mvua. Akanawa mikono, akakaa.

"Mama Tumaini, baba anakusalimu. Anasema alifika mtoni akakumbuka ameacha fimbo yake nyumbani, ndiyo maana akarudi. Anasema atavuka kesho, na wewe uwahi tu kazini."

Nikaenda jikoni kulia.

Fimbo alikuwa nayo mkononi. Niliiona kabla sijainama.

Kesho atajaribu tena kuvuka. Nitakaa nyuma ya matete mpaka pantoni ifike ng'ambo naye, na sista aseme atakalo.