Kijiko cha Kila Mgeni

Kariakoo, 3 Mei 1994

Mwanangu Vicky,

Hujambo huko Songea? Malaria imekwisha? Mimi mzima, na duka linakwenda.

Baba yako tu ndiye simwelewi. Tangu hospitali itupe mofini ya maji, maumivu ya saratani yametulia, lakini sasa analala kutwa. Ndugu wamejaa, na unajua desturi yetu, mgeni lazima amlishe mgonjwa kwa mkono wake. Chakula anakataa, basi kila mmoja anampa kijiko cha dawa. Wanampenda kweli.

Ulitaka kumleta mchumba wako Tarsis ajitambulishe. Mwanangu, njoo peke yako. Baba hatamjua.

Mama yako

Songea, 11 Mei

Shikamoo Mama,

Mimi sijambo. Mama, shangazi Anaeli akimpa kijiko, na wewe ukampa, na wengine wakampa, jumla anakunywa vingapi? Tafadhali mwite sista wa hospitali leo hii. Nimetuma na simu ya maandishi, maana barua inachelewa. Naogopa sana.

Mwanao Vicky

Kariakoo, 20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Simu yako ilinikuta dukani, nikaacha wateja wamesimama. Sista Clotilda alimkuta baba anapumua kwa taabu. Hata mchungaji alikuwa amempa kijiko! Nililia. Sista hakunigombeza, alisema kosa ni lao pia, walitupa chupa bila kutuambia dawa itolewe na mtu mmoja tu. Hapo nikakasirika, nikamwambia awaambie na wenzake.

Sasa chupa nimeifungia kabatini, natoa mimi peke yangu. Wageni wanampaka mafuta miguuni, inang'aa kuliko ya bwana harusi.

Saratani bado ipo, usijidanganye. Lakini jana kaamka, kauliza nani kapandisha bei ya sabuni bila ruhusa yake. Nikamweleza habari za Tarsis. Akasema, "Aje nimwone mwenyewe."

Shule zikifungwa tu, mlete.

Mama yako

Kariakoo, 2 Agosti

Wanangu Vicky na Tarsis,

Mlifika salama kutoka kwenye mazishi? Mimi nipo, nakula, nalala.

Watu wakinipa pole napokea, ila moyo wangu umetulia kuliko wanavyodhani. Asubuhi ile ya mwisho hakuwa na maumivu, na alikuwa macho kabisa. Alinishika mkono akasema, "Yule Tarsis kajibu maswali yangu yote bila kutetemeka. Umwambie nimemkubali, ila mimi sijamaliza kumuuliza."

Basi nimekuambia, mwanangu Tarsis.

Mama yenu