Mlango mmoja wa kanisa kuu

Fulcran, tumejifungia wenyewe.

Si Sernin, kiongozi wetu wa mgomo, alisema tugomee ndani ya kanisa kuu mpaka tajiri aache mpango wa kuhamisha mitambo ya kiwanda? "Lilijengwa liwe ngome," akasema. "Mlango mmoja, madirisha yako juu huko. Nani atatutoa?"

Hakuna anayetaka kututoa.

Wamekuja polisi wawili tu, wakapiga kufuli kwa nje. Sasa wanakunywa kahawa. Mmoja anatuambia, "Si mlitaka kukaa, jamani? Kaeni."

Polisi wawili, Fulcran. Kufuli moja.

Tumepiga kelele asubuhi nzima. Kuta hizi ni nene mno, mjini hawasikii kitu.

Nimepanda mnarani kutafuta mtandao. Naona malori yanatoka kiwandani na mitambo yetu. Getini hakuna wa kuyazuia. Wote tuko humu.