Vyumba ni Vyangu, Uwanja ni wa Bi Batuli

Bi Arafa, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza. Mimi ni mwanamume mwenye mke na watoto, nina duka la fotokopi hapa Chang'ombe ya Dodoma, na ukurasa wako huwa nausoma kila wiki ili niwacheke wenye matatizo, sikujua kama ipo siku na mimi nitakuwa mmoja wao, lakini sasa yamenifika shingoni.

Yote yalianza kwenye simu, nikakutana na video ya jamaa mmoja wa ng'ambo ambaye ananunua nyumba kuukuu za kuhamishika, zile zilizowekwa kwenye uwanja wa mtu na mwenye nyumba analipia kodi ya ardhi tu, jamaa huyo anafagia, anapaka rangi, anamuuzia mwingine palepale zilipo, halafu anapanda gari zuri anaondoka, na mimi nikaangalia video zake zote mpaka bando likaisha, nikajiona nimechelewa maishani. Nikamwuliza rafiki yangu Nasri, ambaye ni dalali, huku kwetu nyumba kama hizo zinapatikana wapi, akaniambia ziko njia ya Hombolo, mkandarasi mmoja wa barabara amemaliza kazi na ameacha vyumba vya bati walivyokuwa wakilala mafundi, vimekalishwa juu ya mawe, vina milango, madirisha na hata soketi, anaviuza kwa bei ya kutupa, na watumishi wa serikali wanahamishiwa Mtumba kila kukicha hawana pa kuweka vichwa vyao.

Bi Arafa, hela sikuwa nayo, lakini kiwanjani kwetu Nala kulikuwa na matofali ambayo mimi na mke wangu Hana tulifyatua kwa mikono yetu ili tujenge, nikayauza yote bila kumwambia, nikanunua vyumba vitatu, nikanunua na rangi, nikapaka zambarau kwa sababu yule jamaa wa video anasema rangi ndiyo inayouza. Hana alipokwenda Nala kuangalia kiwanja akakuta nyasi, akarudi akaniuliza, "Baba Joshua, matofali yamekwenda wapi?" nikamwambia nimeyageuza kuwa nyumba tatu, kesho yake akataka kuziona, na akamleta mama yake.

Tulifika mchana jua likiwa kali, mama mkwe akaingia, akakaa kidogo huku akijipepea na kitenge, kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Baba, humu mnakaushia nini?" Hana akacheka mpaka akashika ukuta, akautoa mkono haraka kwa sababu ukuta ulikuwa unaunguza, na toka siku hiyo nyumbani naongeleshwa mambo ya chumvi na mafuta ya taa tu.

Hayo ningeyavumilia, lakini wiki iliyofuata nikiwa pale kwenye vyumba akaja Bi Batuli, mama mmoja mtu mzima ambaye sikuwa nikimfahamu, nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniambia, "Vyumba ni vyako, sina neno. Uwanja ni wangu, mkandarasi nilimkodisha na muda wake umekwisha. Mvua zikianza napanda zabibu hapa, nikute peupe." Nikampigia Nasri, akaniambia nisihangaike, nimtafute mteja haraka, "Wewe unauza nyumba, huuzi ardhi. Asipouliza, usimwambie."

Mteja nimempata, anaitwa Erica, ni binti ameajiriwa Mtumba, amehamia kutoka Morogoro na mama yake anayetembelea fimbo, wamebanana kwa ndugu na wamechokwa, amenilipa nusu ya bei ya chumba kimoja na Jumamosi anahamia. Alipokuja kukagua aliniuliza, "Kaka Yotham, niambie ukweli, hapa nitakaa miaka mingapi?" na mimi nikamjibu, "Wewe tu na moyo wako." Mama yake akanishika mkono akanibariki, nami nikaitikia amina. Sasa Bi Arafa, nimwambie au nikae kimya kama Nasri alivyoshauri, maana nikimwambia atataka hela yake na nusu yake nimeshakula, na nikikaa kimya huenda Bi Batuli akapata huruma akibisha hodi akamkuta mgonjwa ndani?

Wako katika mashaka,
Yotham, Chang'ombe

JIBU

Marahaba, Yotham. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nilipomfikia huyo mama mwenye fimbo, kicheko kikakatika.

Kutaka kuongeza kipato si kosa. Biashara ya fotokopi naijua, watu wanakuja kutoa nakala moja na kuazima peni. Ila tuwekane sawa kuhusu huyo jamaa yako wa video. Yeye ananunua nyumba iliyo kwenye uwanja ambao mwenyewe amekubali watu wakae, na kuna mkataba. Wewe ulimwuliza Nasri bei, ukamwuliza idadi ya soketi, ukaenda dukani ukachagua zambarau, na katika safari zote hizo hukupata nafasi ya kumwuliza mtu yeyote, "Hii ardhi ni ya nani?" Swali hilo hata mwuza mahindi ya kuchoma hujiuliza kabla hajaweka jiko lake.

Umeuza matofali ya nyumba ya kweli ili ununue joto. Mama mkwe wako alikuwa na adabu mno. Mimi ningekuuliza unga wa mkate umekandwa wapi.

Na mkeo usimwone mbaya. Mwanamke aliyekanyaga udongo na wewe, akabeba maji, akageuza matofali juani, halafu akakuta nyasi, na bado anakuongelesha habari za chumvi, huyo amekuheshimu kuliko unavyostahili. Kaa naye, mwombe radhi, na usitaje neno uwekezaji.

Sasa Erica. Unaniuliza umwambie au unyamaze, lakini kunyamaza hukunyamaza. Binti alikuuliza miaka, ukamjibu moyo. Mtu mwenye nyumba halali husema miaka. Hapo ulidanganya, mchana kweupe, mbele ya mama yake, na baraka ukapokea. Halafu unapanga kumtumia mgonjwa huyohuyo kama kizuizi mlangoni ili Bi Batuli aone aibu kumtoa. Sentensi hiyo uliiandika kama mtu anayeuliza saa. Isome tena, kwa sauti, Hana akiwa karibu.

Nasri mwache. Dalali ameshachukua chake, na mvua zikianza atakuwa anauza kitu kingine kwa Yotham mwingine.

Fanya hivi. Mpigie Erica leo na umwambie yote: uwanja si wako, mwenyewe anautaka, na chumba hakikaliki mchana. Usimpe hadithi ndefu. Uza hiyo mashine ya fotokopi ya pili ambayo naamini unayo, au pikipiki, au chochote chenye jina lako peke yako, umrudishie yote aliyokulipa. Kisha nenda kwa Bi Batuli na Hana, siyo na Nasri, mwombe akuvumilie kidogo. Vyumba vyako vinafaa kuwa stoo ya saruji na vifaa. Mtumba na pembeni yake watu wanajenga kila upande, tafuta fundi mkuu mwenye saiti, muuzie kwa hasara, na yeye alete gari la winchi akavibebe. Kitakachopatikana akishike Hana, na tofali la kwanza mfyatue pamoja.

Kwa kuwa jambo lenyewe halikuweza kungoja, Jumapili nilikupigia kwa namba uliyoweka kwenye bahasha, nikakwambia haya yote. Ukanijibu, "Sawa Bi Arafa, nitamwambia akishahamia."

Basi na mimi nikaongea na mhariri. Barua yako inatoka Alhamisi, siku mbili kabla ya huyo binti kufunga mizigo. Jina lako uliniomba nilibadilishe, nimekataa, na la kwake nimeliacha palepale. Magazeti yanafika Mtumba kabla ya chai ya saa nne. Nakala ya jibu hili nimekutumia mapema; ukimpigia Jumatano, atakuwa ameusikia ukweli kutoka kwako.