Fundo la Baba

Jumatatu, 9 Desemba 1963
Baba amelazwa, hospitali ya mjini. Kifua tena. Asubuhi, kabla hajapakiwa kwenye baiskeli, alijikokota akamfunga nguzoni Injini, fahali wake wa mapigano. Hataki mwingine aguse ile kamba, hasa mwanamke. Lakini jioni hii kitandani akanionyesha fundo lake kwa mkanda wa koti langu — zungusha, vusha juu, zungusha tena, chomeka chini. Kaza mwisho, si mwanzo. Nikacheka. Mimi mpiga taipu, fahali wa nini!

Jumatano, 11 Desemba
Baba ameaga. Saa nane mchana. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 12 Desemba
Uhuru! Ngoma zinasikika hadi hapa Shinyalu. Baba alisema leo angemvisha Injini maua kwenye pembe. Mama amekaa sakafuni, chakula hakigusi. Baba mdogo Philemon amekuja: eti hapa hakuna mtoto wa kiume, mazishi yakiisha atamchukua Injini. Nikasema Injini habanduki hapa. "Beldina, tangu lini msichana akafunga ndume?" Nimeumia sana.

Ijumaa, 13 Desemba
Nimefanya ujinga. Nililegeza fundo la Baba nione lilivyoshikana — likaachia lote mkononi! Kazi ya mwisho ya mikono yake hapa nyumbani, nami nimeifuta. Mama akamshika Injini puani huku mimi nikijaribu. Mara sita likateleza. Nililia kwa hasira. Kumbe nilikuwa nakaza mwanzo. Mara ya saba likashika. Sijui kama ndilo lenyewe.

Jumamosi, 14 Desemba
Tumemzika. Wanaume waliswaga ng'ombe wa ukoo wakalizunguka kaburi kama desturi, wakiimba, matawi mikononi, vumbi tele. Injini mbele, Philemon akiwa na kamba. Baadaye watu wakila, nikamrudisha Injini nguzoni, nikamfunga mwenyewe kwa lile fundo. Hakuna aliyetazama. Nimemkosa Baba hapo zaidi kuliko kaburini.

Jumapili, 15 Desemba
Naandika hapa dirishani. Philemon amefika, ana kamba yake begani. Hakubisha hodi, kaenda moja kwa moja nguzoni. Ameinama. Anamwuliza Mama kwa sauti: "Hii si fundo ya kaka? Nani ameifunga?" Mama anasema hapana, ni ya Beldina.
Amelishika. Halifungui. Mabega yake yanatikisika, Injini anamnusa kofia. Sijawahi kumwona akilia, hata jana.
Sasa ananiita —