Kaburi la Nje ya Uzio

Sumbawanga, Jumamosi, 2 Novemba 1991

Kaburi lilikuwa limefagiliwa. Bado siamini.

Leo, Siku ya Marehemu, nilirudi kwenye kijiji chetu cha zamani, kile tulichoondolewa wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Nyumba hazipo tena; Wasukuma wanachungia ng'ombe hapo. Makaburi yote yamemezwa na nyasi, isipokuwa moja lililo nje ya uzio: la mwanetu wa kwanza, aliyekufa kabla ya ubatizo, akanyimwa nafasi ndani.

Katekista alitufundisha kwamba mtoto wa namna hiyo haungui motoni, wala hamwoni Mungu. Anakaa pembeni, bila maumivu. Maneno hayo, bila maumivu, ndiyo yaliyonipa usingizi miaka yote. Hata wahubiri wapya wa sokoni, na spika zao na moto wao, hawakuyatikisa.

Nikiwa nimesimama pale, mama mmoja wa Kisukuma alikuja na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, mzee. Huyu ni wenu?"

"Marahaba. Ni wetu."

"Jioni huwa analia. Mwanzoni tulidhani ni ndama. Mume wangu alimtafuta porini mpaka tukamcheka. Sasa namwagia maziwa kidogo, ananyamaza."

Akamimina.

Kama hana maumivu, analilia nini?

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba kaburi ni safi, basi. Habari ya kilio nimeificha. Aliendelea kuchambua maharage, hakuinua uso.

"Na siku hizi," akauliza, "ananyamaza?"