Barasa Ameshtakiwa Tena kwa Kahawa Ile Ile

Roselyn, wamemrudisha ndani. Kaka yangu Barasa. Kwa kahawa ile ile wanayosema aliiba!

Unakumbuka korti ya Jinja ilivyomwachilia, tukalia pale nje kwa furaha? Leo ameingia Mbale na lori, polisi wakamshusha kwenye usukani, moja kwa moja kortini, nami nikakimbilia huko.

Akamwambia hakimu, "Mheshimiwa, kesi hii iliisha Jinja. Mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja."

Hakimu hata hakukasirika. Akamuuliza, "Huko Jinja mashahidi walisikizwa?"

"Hapana. Serikali iliondoa kesi, nikaambiwa niende nyumbani."

"Basi hukuhukumiwa. Sheria inamlinda aliyehukumiwa, awe alipatikana na hatia au hakupatikana. Kesi yako iliondolewa tu. Inaweza kurudi."

Inaweza kurudi! Mwaka mzima alikaa rumande, Roselyn, na kumbe bado hajahukumiwa.

Barasa alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, amechoka kabisa.

Askari magereza alipomkaribia kumrudisha ndani, hakungoja kuambiwa. Alianza kuvua mshipi mwenyewe, alishajua rumande hauruhusiwi.