Mume Anadhani Nimemchoka, Kumbe Naumia

Mpendwa mshauri Dina, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa utanisamehe, maana nakusikia tu redioni nikipepeta alizeti na umri wako siujui. Naomba msaada kwa sababu nimechanganyikiwa kabisa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, naishi Iguguno, na mume wangu Abraham hatujawahi kugombana kwa mambo ya chumbani miaka ishirini na sita, lakini tangu mwaka jana siku zangu zinakuja zinavyotaka, mara miezi mitatu kimya, mara zinarudi mara mbili kwa mwezi, nikadhani ni mimba, nikapima, hakuna, halafu nikaanza kuwaka joto kanisani hadi jasho linaloanisha kitambaa, na sasa kubwa kuliko yote nimekuwa mkavu, dada, mkavu kabisa, mume akinikaribia naumia kama nakwaruzwa, na mara mbili nimeona matone ya damu.

Nikamweleza jirani yangu Scholastika, akasema huo ni uchafu, nijisafishe ndani kwa shabu na sabuni ya dawa, nikafanya wiki nzima, ikawa moto juu ya moto, hata kukojoa nalia. Nikaenda zahanati, nikamkuta daktari ni Yohana, aliyesoma darasa moja na binti yangu Peniel, akaniamkia, "Shikamoo mama, unasumbuliwa na nini?" nikamjibu kichwa, nikarudi na vidonge vya kichwa ambacho hakiumi. Nyumbani nikawa natafuta sababu, leo mgongo, kesho uchovu, mpaka tukiwa shambani Abraham akasimama akaniambia, "Mama Peniel, kama kuna mwingine niambie, nisiwe wa mwisho kujua kijiji kizima." Nilinyamaza, dada, kwa sababu mwenyewe sijui nina nini, naye akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo jibu. Sasa amehamishia godoro chumba cha magunia, na anasema tukimaliza kuvuna anaita wazee wa kwao kutoka Misigiri tuwekwe kikao. Je, nimerogwa, ni ugonjwa, au mapenzi yameisha mwilini bila mimi kuambiwa? Maana moyoni bado nampenda.

Mama Peniel, Iguguno

Mama Peniel, mimi ndiye mdogo, kwa hiyo shikamoo. Pole sana. Sasa nisikilize, maana nina ugomvi nawe pia.

Hujarogwa. Dalili zako zinafanana na za mwanamke anayekaribia kukoma hedhi. Homoni inayoufanya uke uwe laini hupungua, ngozi ya ndani inakuwa nyembamba na kavu, inachubuka upesi. Lile joto la kanisani nalo linatoka hukohuko. Wengi wanapita hapo, wamefunga mdomo kama wewe.

Lakini shabu, mama! Ngozi imechubuka, wewe unaitia shabu? Acha leo. Sabuni isiingie ndani kabisa. Osha nje kwa maji matupu. Na Yohana umemwonea, hawezi kutibu asichoambiwa. Kama unamwonea haya, nenda kituo cha afya, omba mhudumu wa kike, umwambie hivi: "Nina ukavu ukeni, naumia nikikutana na mume wangu, nimeona damu, na mkojo unaniunguza." Akupime mkojo na akuchunguze mlango wa kizazi. Huenda ni michubuko tu, lakini damu hiyo haikisiwi ukiwa nyumbani. Akikuambia ni umri tu, usiondoke bila kupimwa.

Ukishapona, duka la dawa wanauza vilainishi vya majimaji vya kupaka wakati wa tendo. Visipotosha, daktari anaweza kukuandikia krimu ya homoni. Usiazime ya mtu. Na msikimbizane, mwili wako sasa unataka muda. Tena mimba bado inaweza kuingia mpaka upite mwaka mzima bila hedhi.

Abraham usimsubirishe hadi mavuno. Wazee wa Misigiri watakaa kikao kuamua nini juu ya ukavu wako? Mfuate humo kwenye magunia, mchana, ukae chini, umwambie: "Baba Peniel, hakuna mwingine. Naumia, na nimeona aibu kusema." Kisha mwombe akusindikize kituo cha afya yeye mwenyewe. Anaweza kukasirika kwamba ulimwacha ateseke na mawazo; mwache aseme yote. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza siku ile shambani, usijitetee kwa maneno mengi. Mwambie hukujua una nini. Ndiyo kweli yenyewe, na sasa unajua pa kuanzia.